Zulmira Halina Kina

Umburana, 7 Machi 1999

Edvan mjukuu wangu,

Mungu akubariki. Natanguliza jibu, maana najua hujaomba baraka tangu uanze kulala vitanda vya hoteli.

Barua hii naandika kwa mkono wangu, mkono uliosoma shule ya magunia ya saruji na maboksi ya sabuni, kwa hiyo herufi zikigongana njiani usicheke. Simu usinipigie tena dukani kwa Toinha. Yule mwanamke anasikiliza kuliko padri, ila yeye hakula kiapo cha kunyamaza.

Basi jana ukampiga padri risasi! Duka zima lilinyanyuka. Bi kizee mmoja kavua kandambili akaitwanga televisheni. Toinha anapiga kelele, "Mama, huyo mtu hayumo humo ndani!" Bibi naye, "Hata kama hayumo, akirudi ataikuta!" Mimi niko nyuma kabisa, kofia mkononi, nikasema: "Muuaji huyo ni mjukuu wangu. Uso ule nimempa mimi." Wakanipisha nikakaa mbele.

Waambie hao wa Rio ulikotoka. Kufokafoka kwenu ni nini kama si ubishi wa tari tuliokuwa tunaimba sisi sokoni? Watu wawili, matari mawili. Unamtukana mwenzio pua, unamtukana mama mzazi, naye anakurudishia kwa vina, halafu mnakula sahani moja. Mwaka arobaini na tisa nilimtukana punda wa bwana mmoja wa Campina mpaka yule punda akahama mji. Mwenyewe alibaki. Kila ubeti mtamu uliowahi kusikika kati ya hapa na bahari, ama ni wangu ama umeibwa kwangu. Andika hilo.

Mwaka juzi walipokuwa wanakanyaga kanda zako barabarani, akina mama na mabango, redio zimeufunga wimbo, hakimu anakuita, mimi nilisema ngojeni. Si unaona? Dairekta kakukuta kwenye taarifa ya habari unazomewa, akasema, "Uso huu watu wameshazoea kuuchukia, nileteeni." Jana mfokaji, leo mwigizaji, na jina ni lile lile, Wembe. Wengine walisoma miaka saba kujifunza kuchukiwa, wewe umezaliwa nako.

Mbuzi amezaa. Mmoja ana sura ya mjomba wako.

Babu yako,
Ambrósio, Nyigu wa Umburana


Rio de Janeiro, 19 Machi 1999

Baraka, Babu.

Nimecheka mpaka msichana wa vipodozi akanipaka wanja puani. Juzi sokoni mama mmoja alinipiga kwa fungu la vitunguu. "Hiyo ya padri!" Halafu akaniomba nimsainie risiti.

Lakini Babu, leo nakuandikia jambo la kweli. Tamthilia inayofuata wananitaka niwe mhusika mkuu. Mwalimu wa kijijini, mtu mwema, anafundisha wazee kusoma. Dairekta yuko tayari. Wenye kituo wanaogopa. Wanasema, mtu aliyeimba ule wimbo hawezi kuwa mwalimu mwema, akina mama watazima televisheni.

Wimbo wenyewe unaujua. Nilikuwa na miaka saba, tunamenya maharage mlangoni, ukawa unauimba kwa sauti ya puani:

*Zulmira wa Umburana, kenda kisimani jana,*
*Na mtungi ni mtupu, sketi ndiyo inatona,*
*Mwauliza kulikoni? Ulizeni wavulana!*

Mimi nilikuja kuutia ngoma nzito na kuongeza yangu machafu, ndiyo yaliyonipeleka mahakamani. Lakini mzizi ni ule ubeti. Hakimu aliponiuliza ni wa nani, nikasema wangu, kwa sababu ulinitumia neno kwamba nisikutaje.

Sasa kuna kipindi cha Jumapili, nchi nzima inakitazama. Wanataka nimwombe msamaha Zulmira mwenyewe, ana kwa ana, jukwaani. Nakuuliza, Babu, na safari hii weka utani kando: Zulmira yupo? Aliwahi kuwepo? Kama yupo nitakuja huko kwanza, bila kamera, nimpigie magoti mlangoni kwake. Mimi niliondoka Umburana na miaka minane, simkumbuki mtu wa jina hilo. Wewe ndiye unayejua.

Mjukuu wako,
Edvan


Umburana, 28 Machi 1999

Edvan,

Mungu akubariki na akupunguzie maswali.

Zulmira! Wewe mtu mzima, mfokaji, umelelewa na tari masikioni, unaniuliza kama Zulmira yupo? Zulmira ni kina tu, mjukuu wangu. Jina la kujazia mizani. Mwimbaji akipungukiwa anachomeka jina, kama fundi anavyochomeka kipande cha gunia kwenye tundu. Ukianza kumtafuta Zulmira, mtafute na yule chura wangu aliyemuoa binti wa meya, umwombe msamaha na yeye.

Huo ubeti hata sikumbuki umetoka wapi. Ni wa soko. Uliokotwa.

Nenda kwenye kipindi chako, lia kidogo, upate hiyo kazi ya ualimu. Itakuwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu kuingia darasani kwa mlango na si kuchungulia dirishani.

Mvua imekataa. Mbuzi hajambo.

Ambrósio


Rio, 12 Aprili 1999

Baraka, Babu.

Uliniona jana? Nimepata ile kazi. Walinipa mkono kabla taa hazijazimwa.

Niseme ukweli, sijui kwa nini sifurahi. Nilipowaambia Zulmira hayupo, mtengeneza kipindi akasema, "Vizuri zaidi." Wakaleta mama mmoja wa maigizo ya jukwaani, wakamfunga kitambaa, wakampa kikapu. Mtangazaji akatangaza, "Zulmira wa Umburana!" Nikapiga magoti. Yule mama akanishika kichwa akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Yamekwisha." Nikalia, Babu. Machozi ya kweli, sikuyaigiza. Watu walisimama.

Baadaye nikamkuta kwenye korido anajifuta rangi usoni. Akaniomba saini ya mpwa wake.

Najiambia, kama Zulmira ni kina tu, nimemdanganya nani? Lakini usingizi umekuwa mgumu. Nambie uliniona. Nambie ilikuwa sawa.

Edvan


Umburana, 20 Aprili 1999

Edvan,

Mungu akubariki.

Sikukuona vizuri. Upepo ulikuwa umegeuza waya wa televisheni, ukawa na vichwa vitatu. Halafu Toinha akaizima kabla hujamaliza. Sijui kwa nini. Labda ilikuwa imepata moto.

Hongera ya kazi. Sasa yaache hayo, tuandikiane mengine.

Ambrósio


Umburana, 25 Aprili 1999

Kwa Bwana Edvan, Wembe wa televisheni,

Salamu. Barua hii nimeipeleka kwa kituo chako, sina anwani nyingine. Najua unapata nyingi. Usipoisoma, hasara ni yangu.

Mimi ni Zulmira wa Umburana. Nina miaka sitini na minane. Nakaa milango sita kutoka kwa babu yako, nakaanga mikate ya muhogo na nazi, Jumamosi nauza sokoni. Ulikuja kununua kwangu ukiwa mdogo, kabla mama yako hajakuchukua kwenda São Paulo. Nyinyi watoto mlikuwa mnaniita Bi Mtungi. Sasa najua hukujua maana yake, maana mtoto anayejua hawezi kuita kwa upole vile.

Jumapili ile nilikuwa nimekwenda dukani kununua chumvi. Nikakuta mwanamke simjui amekushika kichwa, anakusamehe kwa jina langu.

Sikuandikii kukulaumu kwa ubeti. Ubeti uliukuta. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka ishirini ulipoanza kuimbwa, mwaka wa hamsini na moja. Kilichotokea kisimani ni kwamba niliteleza kwenye tope. Maji yakamwagika yote juu yangu, mtungi ukapona. Nikarudi nyumbani nacheka, nikamsimulia kaka yangu Juvêncio. Yeye peke yake. Baada ya wiki mbili malori yote yalikuwa yanaimba. Mchumba wangu alirudisha ahadi. Sikuolewa kamwe.

Juvêncio alikuwa mwimbaji, anaimba pamoja na babu yako. Alinijia akasema, "Si mimi niliyetunga." Nikamuuliza ni nani basi, akanyamaza. Nikafunga mlango. Sijasema naye hadi leo, na anakaa juu ya kilima hicho hapo, moshi wa jiko lake nauona.

Sasa amepooza upande mmoja. Mwezi uliopita alituma mtu, anataka kuniona kabla hajafa. Sijaenda. Miguu inataka, moyo unakataa.

Wewe umelelewa nyumba ya mwenzake. Nakuomba jambo moja tu: uliwahi kusikia ubeti ule ulitungwa na nani? Ukiniambia ni Juvêncio, nitabaki nilipo. Ukiniambia si yeye, nitapanda kilima. Lakini nataka kujua nikiwa bado na mtu wa kumpandia.

Zulmira


Rio, 6 Mei 1999

Babu,

Leo siombi baraka.

Nimepata barua ya Bi Mtungi. Naiweka ndani ya hii, isome. Kisha nirudishie, si yako.

Alikuwa ananipa mikate iliyovunjika, Babu. Ananiambia, "Hii imevunjika ili uipate wewe." Nami nikamtukana mbele ya nchi nzima, watu wakacheza. Halafu nikalipia mwanamke mwingine anisamehe.

Tena angalia ubeti wenyewe. Mimi kazi yangu ni vina. Jana, inatona, wavulana. Zulmira halina kina na neno lolote mle! Halikuwekwa kujazia. Ungeweka Josefa, ungeweka Tereza, mizani ingekaa. Limewekwa kwa sababu ni lake. Mtoto wa miaka saba angeliona hilo, na mimi nimeuimba ubeti huo mara elfu sikuona. Nadhani sikutaka kuona, maana ulikuwa unanilipia nyumba.

Wewe unadai kila ubeti wa nchi hii. Umedai hata ule wa kanisani. Huu peke yake ndio "umeokotwa".

Nani aliutunga?

Edvan


Umburana, 16 Mei 1999

Mjukuu wangu,

Mungu akubariki hata kama hujaomba.

Kalamu hii nimeiweka chini mara nne. Ya kwanza nilikwenda kumwona mbuzi. Ya pili nikamwona tena. Mbuzi mwenyewe akanishangaa.

Ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilimpelekea kitana, kizuri, cha pembe. Akanirudishia mlangoni, anacheka: "Ambrósio, wewe una mdomo mwingi. Nikiolewa na wewe, hata siku ya kufa sitapata nafasi ya kuaga." Watu walisikia. Wiki hiyo hiyo akachumbiwa na dereva wa lori, mtu asiyeweza kuunga maneno mawili.

Juvêncio alikuwa mwenzangu wa tari. Tulikuwa tumeruka moto wa Mtakatifu Yohana tumeshikana mikono, na kwetu hapa mkisharuka moto huo ni ndugu, mmoja hamtaji mwenziwe kwa ubaya. Tuko njiani kwenda Patos akanisimulia habari ya dada yake kuanguka kisimani. Anacheka, mimi nacheka. Basi tu, hadithi ya nyumbani.

Sokoni Patos watu walikuwa baridi kama uji wa jana. Nikapandwa na kile kitana. Ubeti ukanitoka wote kwa pumzi moja, na jina. Soko likalipuka, Edvan. Sijawahi kupigiwa makofi vile, si kabla, si baada. Na Juvêncio kasimama mbele yangu, zamu yake kujibu. Angeweza kuuvunja pale pale. Lakini mwimbaji hasimamishi mchezo. Mkono wake ukaendelea kupiga tari, uso wake umekufa. Kisha akanitukana pua, kama ilivyo desturi.

Kurudi, kilomita zote zile, alinipa mgongo. Madereva wakatutangulia na ubeti. Tulipofika tayari watoto wanauimba.

Alinijia mara moja tu. Akasema, "Hadithi nilikupa mimi, kwa hiyo kosa nusu ni langu. Nami niliruka moto nawe. Sitakutaja. Kamwambie wewe mwenyewe." Akatundika tari ukutani, hakulishika tena maisha yake yote. Nami nikasema nitakwenda kesho. Kesho ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa mavuno, nikamuoa bibi yako, akazaliwa mama yako. Mtu akishachelewa mwaka mmoja, miaka mingine inakuja kwa urahisi.

Nimempita yule mwanamke kila siku, miaka arobaini na minane. "Habari za asubuhi, Bi Zulmira." "Njema, Mzee Ambrósio." Nanunua mkate wake, nakula.

Na kuna lingine, baya kuliko hilo. Wimbo wako ulipotoka kwenye redio, kitu cha kwanza nilifurahi. Mungu anione. Nilisema kimoyomoyo, ubeti wangu umefika São Paulo.

Jumapili ile waya haukugeuka. Nilikuona vizuri, kichwa kimoja. Naye alikuwa kwenye kaunta na chumvi yake. Duka zima liligeuka kumtazama yeye, si wewe. Toinha ndipo alipozima. Bi Zulmira akasema, "Umenirudishia chenji pungufu," akahesabu, akatoka. Mimi nikatazama kofia yangu.

Barua yake hii hapa, nairudisha. Mjibu wewe. Wewe unajua kusema na watu.

Ambrósio


Rio, 27 Mei 1999

Babu,

Sitamjibu mimi. Nimemwandikia mstari mmoja tu: "Si Juvêncio. Aliyetunga atakwambia mwenyewe." Nimekupa hiyo nafasi, usinifanye mwongo mara ya pili mbele yake.

Mimi langu nimelisema. Nilikwenda gazetini, nikaeleza kwamba Zulmira wa kipindi alikuwa mwigizaji na kwamba nilijua. Jina lako sikulitaja, la Bi Zulmira pia sikulitaja, limetajwa vya kutosha. Asubuhi yake ualimu ukaondoka. Dairekta aliniambia, "Kijana, ungekaa kimya, watu walikuwa wameshakupenda." Yule muuaji wangu watamuua mapema, wameshaandika. Wimbo nimewaambia wauondoe madukani. Wenye kampuni ya kanda wamenicheka, wanasema tangu gazeti litoke unauzika zaidi.

Ndivyo ilivyo. Hakuna kuurudisha. Tunachoweza ni kusema ni wa nani.

Milango sita, Babu. Mzee Juvêncio hana kesho nyingi za kukupa.

Edvan


Umburana, 2 Juni 1999

Kwa Bi Zulmira,

Utashangaa barua ya posta kutoka kwa jirani. Toinha ndiye mwenye mfuko wa posta, naye ameniambia lazima iende wilayani igongwe muhuri ndipo irudi. Kwa hiyo barua hii itasafiri siku sita kupita milango sita. Nilijaribu kuja kwa miguu. Nilifika mlango wa nne nikageuka, nikamwambia mwenye nyumba nimekuja kutazama kuku wake.

Ubeti wa kisimani niliutunga mimi. Sokoni Patos, siku ya Alhamisi. Juvêncio alinisimulia ulivyoteleza, kwa kucheka tu, hakuwa na nia. Mimi ndiye niliyeongeza wavulana. Hapakuwa na mvulana yeyote, najua, niliongeza kwa ajili ya kitana.

Hakunitaja kwa sababu ya moto tulioruka. Nami nilimwachia abebe.

Nilitaka kuandika hapa neno la kuomba msamaha, lakini kila nikiliandika linakuja na vina, na siviamini vina vyangu kwako.

Ambrósio Vidal


Umburana, 9 Juni 1999

Kwa Mzee Ambrósio,

Barua imefika jana. Niliisoma nimesimama, mkate ukaungua.

Nilipanda kilima jioni ile ile. Miguu ilikwenda kwa haraka kuliko inavyofaa umri wangu. Juvêncio alikuwa ameegemezwa mito. Hatukujua pa kuanzia. Baada ya miaka arobaini na minane nani anajua? Mwishowe akaniuliza kama bado natia nazi kwenye mkate. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mama hakuwa anatia." Nikamwambia, "Mama alikuwa anakosea." Akacheka kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. Leo nimempelekea miwili, ameila yote.

Nilimuuliza kwa nini hakunitajia. Akasema alimpa adui hadithi ya dada yake, hakuona kama ana uso wa kumnyooshea mtu mwingine kidole. Nami sikuwahi kumuuliza mara ya pili. Hiyo ni yangu, nitaibeba mimi.

Sasa wewe. Usije kupiga magoti mlangoni kwangu. Machozi nimeshayaona kwenye televisheni. Nataka hivi: Jumamosi, sokoni, pale pale mlipokuwa mnasimama na matari, useme ubeti ni wako na kwamba ni uongo. Useme, usiimbe. Ukiimba watapiga makofi.

Nitakuwa kwenye kikaango changu. Nitasikia.

Zulmira


Umburana, 4 Julai 1999

Edvan mjukuu wangu,

Mungu akubariki.

Nimeona walivyokuua Jumanne. Ulianguka vizuri, ngazi zote kumi na mbili. Bi kizee wa kandambili alilia, eti alikuwa ameshakuzoea.

Nikwambie ya sokoni.

Jumamosi ya kwanza nilivaa koti la mazishi. Nikasimama pale, mikono mitupu, sijui niiweke wapi. Mdomo huu unaoujua ulikauka. Nikasema: "Jamani, ubeti wa Zulmira na mtungi niliutunga mimi, Ambrósio. Ni uongo. Mwanamke aliteleza kwenye tope, basi. Na Juvêncio hakuhusika."

Unajua walifanya nini? Walicheka, Edvan. Walicheka mpaka muuza sukari guru akashika meza. "Nyigu bwana! Hata huo unaudai!" Mwingine, "Mwezi uliopita alidai katunga wimbo wa taifa!" Mwingine, "Tupe na ule wa punda!" Nikasema jamani, kweli, naapa kwa kaburi la mke wangu. Wakazidi. Mmoja akanitupia kichungwa kama zawadi.

Nikaenda kwenye kikaango. Nikamwambia, "Bi Zulmira, nimesema. Hawaamini."

Hakuinua macho, anageuza mkate. "Nimesikia. Jumamosi ijayo sema tena."

"Na wakicheka?"

"Na inayofuata."

Jumamosi ya pili ikawa mbaya zaidi. Watu walikuja mapema kuchukua nafasi. Mtu mmoja alileta familia yake, akamnyanyua binti yake mabegani aone vizuri. Wananichochea, "Mzee, sema ile ya Zulmira!" Nikasema. Makofi. Mjukuu wangu, maisha yangu yote nimetafuta makofi kama mlevi anavyotafuta chupa, na siku hiyo kila kofi lilinipata shavuni. Nikaenda nyuma ya lori la maboga nikajificha. Nilitaka kutoroka kwenda kwa dada yangu Cajazeiras. Nilifika hadi kituoni, nikakaa, basi likaja, likaondoka.

Ya tatu nilisema yote. Kitana, na maneno aliyoniambia mlangoni, na kwamba nilikuwa namtaka naye hakunitaka. Hilo sikuwa nimemwambia mtu hapa, hata bibi yako. Wakacheka bado, ila kicheko kilikuwa na matundu. Wazee wawili waliondoka bila kuaga.

Jana ikawa ya nne. Vijana walikuwa wamembeba Juvêncio kwenye kiti kutoka kilimani, wamemweka kando ya kikaango cha dada yake, blanketi magotini. Alinitazama tu, kama alivyonitazama Patos. Nikaanza, nikakwama katikati. Sikuwa naigiza. Nikabaki nimesimama tu, naona aibu mbele ya watu, bila kitu cha kuisindikiza. Waliocheka walikuwa wanne, na mmoja wao kiziwi.

Ndipo akatoka Bi Eulália, unamkumbuka, mke wa mchinjaji. Huyo ndiye aliyeongoza wenzake kumwita Zulmira Bi Mtungi tangu wote ni wasichana. Alikuja mpaka mbele yangu, mfuko wa vitunguu mkononi. Akasema, "Kwa hiyo ulitufanya tumwite vile miaka yote hii, na ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua."

Akanitemea mate. Hapa, kifuani, kwenye koti la mazishi.

Nami, Edvan, sijui nikuelezeje uelewe, nilitaka kumshika mkono nimshukuru. Ni mtu wa kwanza aliyeniamini.

Jumamosi narudi. Wamebaki wanne wa kucheka.

Babu yako,
Ambrósio